Kijiko cha Kwanza Mlangoni pa Kasho

Asubuhi ukungu unapoilalia Butembo, na motari wa kwanza, wale wa pikipiki za abiria, wanapiga honi bila mtu kuwaona, mimi huwa nimekwisha kuketi barazani na kikombe changu cha chai ya tangawizi. Macho yanafumba yenyewe. Silali, wala siko macho sana. Hapo ndipo vitu vyangu vinapokuja kunitembelea: jeneza lisilo na maiti, gunia lenye nyuki, jante ya lori, sufuria inayonuka samaki. Vyote nilivilinda mimi. Wenyewe wametawanyika na wengine wamekufa, lakini vitu vinakuja kwa mpangilio, kila kimoja mahali nilipokiweka.

Ninyi vijana mnaopita hapa mkisema "Jambo, Koko", mnadhani bibi huyu alizaliwa mzee, na blanketi magotini. Nilikuwa polisi! Nilianza Beni, nikamalizia Butembo, na karibu miaka yote hiyo sikushika bunduki. Nilishika ufunguo na kijiko. Ufunguo ulikuwa wa ghala la vitu vilivyoibwa, vinavyongoja kesi yao. Kijiko kilikuwa cha mlangoni pa kasho, mahabusu yetu.

Niwaeleze hicho kijiko, maana mkikipuuza hamtaelewa mengine. Kasho yetu haikumpikia mtu. Aliyefungwa alilishwa na watu wake, na kila aliyeleta chakula alionja kwanza, mbele ya macho yangu, mpaka ameze. Sheria hiyo iliwekwa kwa ajili ya sumu. Aliyeonja ndiye aliyejibu kama mfungwa akidhurika. Lakini watu wetu waliielewa zaidi ya hapo. Kuonja mlangoni kulikuwa ni kusema mbele ya serikali kwamba huyu aliye ndani ni wangu. Nimewaona wanawake wawili wakigombania kijiko kwa ajili ya mwanaume mmoja, na mwanaume mwenyewe yuko nyuma ya nondo ananiomba nisimfungulie.

Kazi hii alinifundisha Adjudanti, mkubwa wangu wa Beni, mzee mpole aliyevaa kofia yake ya sala chini ya bereti. Nilipofika kwake nilikuwa msichana wa kukimbia huku na huku nikitafuta nyayo. Siku moja mkulima alikuja analia kwamba kakao yake imeibwa, ile mbichi, ingali na majimaji yake matamu. Nikafunga kamba za viatu, tayari kwenda. Adjudanti akavuta kiti, akaketi kando ya barabara.

"Adjudanti, tunangoya nini?"

"Tunangoya nyuki, binti yangu. Macho inachoka mbio. Pua hapana kuchoka. Ikala."

Nikaketi. Mara akatokea kijana na gunia mgongoni, majimaji yanamchuruzika mpaka visiginoni, nyuki wanamzunguka kichwa, naye anatembea kama mtu asiye na habari. Alipotuona hakukimbia. Alitukimbilia.

"Bakubwa, munifunge! Munifunge mbio!"

Tukamfunga. Nyuki walibaki dirishani mpaka jioni, kana kwamba nao walikuja kushtaki.

Na yule wa jeneza, huyo alikuwa wa hapa Butembo. Aliliiba kwenye karakana ya seremala, jeneza zuri la mbao ghali ya libuyu, akalifunga juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, akaanza kusukuma. Alisahau mji anaoishi. Hapa jeneza halipiti peke yake. Wanaume walivua kofia, wauza mboga wakaacha mboga, akina mama wakaanzisha wimbo, na kabla hajafika mzunguko wa barabara alikuwa na msiba mkubwa nyuma yake. Akikata kona, wanakata kona. Mama mmoja akamshika bega, akamuuliza jina la marehemu. Maskini, akataja jina la kwanza lililomjia, lake mwenyewe. Basi wakamlilia kwa jina. Waliokuwa wakimfahamu wakasimulia alivyokuwa mtoto mwenye adabu, anavyosaidia wajane. Alikuja kuingia uani kwetu polisi mwenyewe, analia kwa kweli, maana hayo mazuri hakuna aliyewahi kumwambia akiwa hai. Jeneza nililitunza ghalani muda mrefu. Siku za baridi paka alilala ndani yake.

Lakini jante ndiyo inayokuja mara nyingi zaidi. Inakuja kwanza kama sauti. Mnajua makanisa madogo ya milimani hayana kengele ya shaba. Yana jante ya lori, ule mviringo wa chuma unaobeba tairi, iliyotundikwa kwenye mti, na kipande cha chuma cha kuipigia. Kulikuwa na moja kwenye kilima kando ya barabara ya kushuka Kyavinyonge, ziwani. Walioisikia walisema ilianza nzito na kumalizia nyembamba, kama mtu anayekuita halafu anakumbuka kwamba umelala.

Mpiga kengele wake aliitwa Mzee Kambale. Ndiye pia aliyefundisha watoto katekisimu. Mjane, mwembamba, kifua kibovu, watoto wake wako mbali Manguredjipa kwenye dhahabu. Nilimwona mara ya kwanza alipoletwa kwetu amefungwa mikono kwa kamba ya mbuzi. Aliyemleta ni Katembo, prezida wa chapelle, mwenyekiti wa kanisa hilohilo dogo, mwenye duka la mabati, mtu mkubwa mwenye hasira ya kujulikana. Nyuma yake alisimama mkewe, Mama Masika, kitenge cha kijani, macho chini.

Shitaka lilimchekesha kila mtu isipokuwa Katembo. Jante ya chapelle imepotea. Mahali pake mtini imetundikwa sufuria kuukuu. Na Jumapili, badala ya kupiga yowe la mwizi, Mzee Kambale alisimama chini ya mti akapiga sufuria, kwa heshima zote, kama kawaida. Watu walifika misani wakicheka, na watoto wakauliza chakula kiko wapi.

"Waya haikukatwa," Katembo alimwambia mkuu wetu wa upelelezi. "Ilifunguliwa muzuri. Ni yeye tu anajua ile fundo. Ameuzisha kengele ya Mungu kwa bale ba kununua chuma!"

"Ni kweli, muzee?"

"Miye njo nilifungula," akasema Mzee Kambale. "Mais sikuuzisha. Itarudia."

"Ulipatia nani?"

"Itarudia."

Zaidi ya hapo hakusema. Mkuu aliuliza kwa upole, akauliza kwa kelele, akauliza kwa kumnunulia chai. Itarudia. Mwishoni akachoka, akasema wazi kwamba jante isiporudi kabla ya wiki kuisha, mzee atapelekwa gereza kubwa. Nilitazama kile kifua kinavyopanda na kushuka chini ya shati. Mimi nimewapeleka watu kwenye gereza lile na ninajua nani anarudi. Huyu hakuwa wa kurudi.

Sufuria nikapewa mimi niitunze. Nikaifungia ghalani, halafu nikamkumbuka Adjudanti, nikaingiza pua. Samaki wa ziwani, aliyekaushwa kwa chumvi. Chini ilikuwa nyeusi kwa moshi wa mafiga ya njiani. Sufuria ya watu wa lori, nikajisemea, ya wanaopika popote wanapoharibikiwa. Kujua hivyo hakukunifikisha mbali. Malori ya samaki ni mengi, na mzee alikuwa amefunga mdomo.

Kesho yake ukungu ulikuwa mzito mpaka geti halionekani. Ndani ya ukungu kikatokea kitenge cha kijani. Mama Masika, mke wa mshitaki, ameshika bakuli lililofungwa kitambaa.

"Unaletea nani, mama?"

"Muzee Kambale."

Nikadhani bado naota. Katika kazi yangu yote sijaona mke wa mshitaki akimlisha mshitakiwa. Nikampa kijiko. Alifungua kitambaa, akaonja, akameza kwa shida, na machozi yakamtoka. Nilichungulia bakulini. Uji mwepesi wa ulezi, wa moto sana. Pembeni, sombe, yale majani ya muhogo, iliyojaa karanga, na supu ya kuku. Kesho yake tena ulezi, sombe, supu. Siku ya tatu tena.

Vijana, mtu aliyezaa hawezi kudanganyika na bakuli lile. Ni chakula cha kuleta maziwa. Nikamvuta kando.

"Mama, samahani. Huyu muzee iko nanyonyesha nani?"

Alicheka! Kicheko kilimponyoka kabla hajakizuia, kisha kikageuka kilio, na nikamwingiza haraka ghalani, nikamketisha juu ya jeneza kwa kuwa kiti sikuwa nacho. Hapo, kati ya pikipiki zisizo na wenyewe na magunia ya kakao, akanieleza.

Binti yake Kahindo alishika mimba. Kijana mwenyewe alitoroka. Baba yake, Katembo, alikwisha kutangaza mbele ya waumini kwamba binti yake yeyote akizaa bila mahari, mlango wake atauona kwa nje. Basi mama akamtuma binti Kyavinyonge kwa shangazi, eti akajifunze biashara ya samaki, akazalie huko. Lakini uchungu ulipokuja ulikuja vibaya, mtoto amelala upande tumboni, na shangazi akampakia kwenye lori la samaki apelekwe hospitali ya Butembo. Na lori, kwa balaa, likaingia shimo na kuvunja jante pale pale chini ya chapelle ya kwao.

Mzee Kambale alitoka kwa kelele akamkuta mwanafunzi wake wa katekisimu amelala kati ya vikapu vya samaki. Dereva hakuwa na jante nyingine. Mzee akatazama juu mtini. Ilikuwa ya lori la aina ileile.

"Kahindo alimushika mukono," Mama Masika alisema. "Akamuambia: Tata asijue, nakuomba. Muzee akaapa. Dereva akamuachia sufuria yake, juu ya kuonesha kama atarudia. Sasa dereva hapana kurudia, na miye napika ku hôpital chakula ya binti yangu, napunguza, namuletea muzee. Nitafanya nini ingine? Nikisema, Kahindo anafukuzwa pamoja na ule mutoto. Nikinyamaza, muzee anakufa."

"Ni mutoto gani?"

"Mwanamuke. Analia kwa nguvu."

Niliona uchungu sana, sitaficha. Yule mzee alikuwa anakohoa upande wa pili wa ukuta, tunamsikia. Siri haikuwa yangu ya kutoa. Lakini lori halikuwa limeapa kitu. Nikaenda kwa wauza samaki sokoni na kwa motari wa njia ya Beni, nikawaachia neno moja wasambaze: dereva aliyeacha sufuria yake kwenye chapelle, sufuria yako imefungwa kasho, njoo uitoe.

Mnacheka. Neno hilo lilikimbia kuliko redio. Watu walilibeba kwa sababu linachekesha, na siku iliyokuwa ya mwisho kabla ya gereza, tukasikia kitu barabarani. Lori la samaki liliingia uani linacheza. Upande mmoja unainuka, unashuka, kama mwanaume anayetoka arusini. Ile jante ilikuwa imepigwa sehemu moja miaka yote hadi imebonyea.

Akashuka Saidi, dereva wa Beni, mtu mzima mwenye ndevu na kofia, amejaa matope.

"Niko natafuta sufuria yangu," akasema. "Na nimerudisha kengele. Mvula ilikata pont, daraja ikaenda na mayi, ndugu zangu. Sikukuwa na njia."

Mzee Kambale alitolewa. Katembo akaitwa, akaja na wazee wa kilima chao kuthibitisha mali. Nilidhani yamekwisha. Katembo akaitazama jante iliyovuliwa kutoka gurudumuni, akasonya.

"Jante ni jante. Camion zote ziko nazo. Bameokota ingine juu ya kumuokoa."

Mkuu wetu akakuna kichwa. Halafu akatuma mtu gereji ya jirani aazime jante nyingine kadhaa. Tukazitundika zote kwenye mikaratusi ya uani, na ile ya Saidi katikati yake. Wazee wa kilima wakageuzwa uso ukutani, Katembo pamoja nao. Ukungu ulikuwa bado haujainuka. Mkuu akachukua chuma, akapiga ya kwanza.

Hakuna aliyejitikisa. Akapiga ya pili. Mtu akakohoa. Akapiga nyingine, nzito, kisha nyembamba, na sauti ikatembea ndani ya ule ukungu mpaka motari wa nje wakanyamaza. Bibi mmoja wa kilimani alifanya ishara ya msalaba na kuanza sala ya asubuhi, bila kuambiwa, na wenzake wakamwitikia. Katembo alikuwa ameinamisha kichwa. Midomo yake nayo ilikuwa inasali. Nilimwona akishtuka, akaifunga.

"Njo yetu," akasema polepole. Halafu hasira ikamrudia. "Donc aliitoa kweli! Mali ya chapelle inatoka kwa sababu gani? Ni nani alikuwa mu camion?"

Saidi akamtazama Mzee Kambale. Mzee akatikisa kichwa kidogo sana.

"Kulikuwa mugonjwa," akasema Saidi.

"Mugonjwa gani? Jina!"

Mkuu akasema hata yeye anataka jina, la sivyo faili halifungwi na mzee anapanda gari la gereza mchana ule. Mzee Kambale akakohoa, akafuta mdomo. Nilifungua kinywa changu.

Na geti likalia. Ulikuwa ni wakati wa chakula. Mama Masika aliingia na bakuli lake, akamwona mumewe, akasimama.

"Weye?" Katembo aliuliza. "Unafanya nini huku?"

Alilikumbatia bakuli. Mimi, vijana, niliona kitu kimoja tu cha kufanya, nacho kilikuwa kazi yangu. Nikanyoosha kijiko.

"Chakula imefika," nikasema. "Mutu aonje. Bila kuonja, haiingie."

Mama Masika hakuweza kukipokea. Katembo akanipokonya.

"Lete nione bibi yangu analisha mwizi nini!"

Akachota uji, akameza. Akachota sombe na mchuzi wa kuku juu yake. Akatafuna. Halafu akaacha kutafuna. Yule alikuwa baba wa watoto wengi. Kila mtoto alipozaliwa, bakuli kama lile lilikaa nyumbani mwake, naye, kama wanaume wote, aliiba kijiko kimoja mama akiwa amelala. Nilimwona akikumbuka. Alimtazama mkewe. Akalitazama lori la samaki lililosimama juu ya mawe bila gurudumu. Akamtazama Mzee Kambale, mzee ambaye yeye mwenyewe alimfunga kwa kamba ya mbuzi, na mzee akateremsha macho kana kwamba yeye ndiye mwenye aibu.

Nilikuwa naogopa, ninyi. Mkono wa mtu yule ulikuwa mkubwa.

"Iko muzima?" akauliza.

"Muzima," mkewe akanong'ona. "Na mutoto. Mwanamuke."

Katembo akachota tena, akaonja mara ya pili, ijapokuwa sheria inataka mara moja tu. Akanirudishia kijiko. Akalichukua bakuli kwa mikono yake miwili, akavuka uwanja nalo, mbele ya wazee wake wote, akachuchumaa mbele ya Mzee Kambale, akamwekea mapajani.

"Kula, muzee," akasema. "Nimeonja miye."

"Wasingya," mzee akashukuru kwa Kinande, akaanza kula. Baadaye kidogo akaongeza, "Chumvi iko kidogo. Siku zote iko kidogo."

Mkuu wetu hakuuliza jina tena. Alifunga faili, akaenda kunywa chai.

Mzee alikula mpaka mwisho, hakuna aliyemharakisha. Saidi akakumbatia sufuria yake. Katembo akalichukua bakuli tupu, akamuuliza mkewe hospitali gani, akatoka getini kwa miguu, yeye mbele na mama nyuma. Niliwasindikiza mpaka barabarani. Motari walimwita, "Papa, panda! Papa, tunaenda!", na hakuwasikia. Mtu mkubwa yule, prezida wa chapelle, akipita katikati ya Butembo amebeba kifuani bakuli la mzazi, na watu wakigeuka kumtazama, mpaka ukungu ukamfunika.